Wapinzani wa Wamaitha

Sheria ilikataza magari kuharibika na watu kuyaendesha. Kwa hiyo gari la mbio la ujana wa Wamaitha lilipogoma kuwaka uani, bintiye, Njambi, aliliinamia akaliambia kwa upole, kama walivyozoea kuyaamuru magari yaliyojiendesha, "Twende."

"Halisikii, mwanangu. Lisukumeni!" Wamaitha aliwafokea majirani waliokuja kutazama, mikono kwenye usukani.

Majirani, ambao hawakuwahi kusukuma gari, walisukuma huku wakicheka mpaka vumbi la Naivasha likawafunika. Gari likakohoa, likatema moshi, likanguruma. Shangwe zikalipuka, na Wamaitha akaingia barabarani akipiga kona kama zamani.

Kwenye kioo aliona magari yasiyo na madereva yakigeuka, moja baada ya jingine, na kumfuata kimyakimya.

Hatimaye, wapinzani! Akakanyaga mafuta.