Kichwa Kilichojaa

"Ko!" kililia kichwa cha Khamisi.

"Debe tupu," alitangaza Mwalimu Bonaventura, akipuliza kifundo cha kidole chake. "Nenda nyuma."

Hivyo ndivyo alivyowapokea watoto wapya katika shule moja ya Ujiji, mwaka ule boti za wakimbizi zilipokuwa zikitua kila wiki kutoka Burundi. Mtihani wake ulikuwa kidole kimoja. Kichwa kilicholia "ko" kilikuwa kitupu, maana debe tupu haliachi kuvuma. Kilicholia "du" kilikuwa kimejazwa akili na Mungu mwenyewe, na mwenye nacho aliketi mbele, akapewa kitabu. Wa nyuma walichota maji ziwani na kupalilia bustani ya mwalimu. Kulifundisha debe, alisema, ni kujichosha bure.

Regina aliyaona yote hayo kupitia dirisha, siku aliyokuja na mama yake kuandikishwa. Walikuwa wamevuka ziwa na nguo za mwilini tu, na Rozalia, mama yake, alibakiwa na tumaini moja: binti huyu asome. Zamu yao haikufika. Kengele ya kutoka ililia, wakaambiwa warudi kesho.

Kesho yake Regina alikuja amejifunga kilemba.

"Vua hicho," mwalimu aliamuru.

"Shikamoo, mwalimu. Nina mapunye."

Rozalia alimgeukia binti yake kwa mshangao. Mwalimu alirudi nyuma. Aliyaogopa mapunye kuliko alivyomwogopa mkaguzi wa elimu, basi akanyoosha mkono kwa mbali na kugonga juu ya kitambaa.

Du.

Akagonga tena. Du! Akawaita walimu wenzake waje wasikie.

"Tangu nianze ualimu," aliwaambia, "sijakutana na kichwa kilichojaa namna hii. Mbele, mwanangu, mbele!"

Wakati wa mapumziko Regina alijitenga nyuma ya darasa, akarudi anajifuta mdomo. Wenzake walidhani alikuwa akisali.

Masomo yakaanza. Khamisi, aliyekuwa mwepesi wa hesabu kabla ya kugongwa, aliacha hata kunyoosha mkono. Debe litajibu nini? Gharib, mtoto wa "du", alijilalia zake kwenye dawati la mbele, kwani kilichojaa kinaongezwa nini tena? Aliyehangaika ni Regina peke yake. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota sokoni, hesabu za kugawanya zilimtoa machozi, na kila alipokosea alishikwa na hofu ya kupelekwa nyuma. Basi aliuliza, akakosea, akauliza tena mpaka walimu wakamchoka.

"Kichwa kimejaa, unahangaikia nini?" Mwalimu Bonaventura alimtania.

"Naogopa kisije kikavuja, mwalimu."

Mwisho wa mwaka aliongoza darasa zima. Gharib alishika mkia, na mwalimu akaeleza kwamba kichwa chake ndicho kilichovuja. Kisha akazunguka Ujiji, baraza kwa baraza, kidole juu.

"Hiki hakidanganyi!" aliwaambia wanywa kahawa. "Yule binti nilimjua siku ya kwanza!"

Wazazi waliamini. Wengine walimletea hata vichanga awagonge.

Mwaka uliofuata, zamu ya kuandikishwa ikawa ya Recho, mdogo wake Regina. Asubuhi hiyo mtoto alilia mpaka uji ukapoa, kwa kukiogopa kile kidole. Alikuwa mdogo, lakini alishajua nani hupewa kitabu na nani hupewa ndoo.

"Hora, usilie," Regina alimbembeleza, akamketisha mkekani na kukunjua kile kilemba chake cha zamani. "Mwambie una mapunye."

"Lakini dada, mimi sina mapunye."

"Na mimi sikuwa nayo."

Akamkandamizia utosini bonge la ugali wa muhogo uliolala, akalifunga vizuri kwa kilemba, akagonga kujaribu. Du.

"Utaula wakati wa mapumziko, mtu asikuone," alimwambia. "Ukishaumaliza, anza kusoma."