Boti Inayopita Darajani

"Mama, sema wewe. Kubwa au ndogo?" mwanangu Anders aliniuliza.

Tulikuwa tumepanda boti ndogo hapo uani kwa muuzaji, ikiwa bado juu ya trela, tukijaribu viti. Viti ni sita, nasi tuko saba, na polisi wa ziwani hawacheki na mtu. Kitindamimba wa Anders alibaki chini, kwenye theluji iliyosalia, akitukodolea macho.

Ile kubwa ingetubeba sote. Lakini haipiti chini ya daraja la reli, na ng'ambo ya daraja ndiko kiliko kibanda alichojenga marehemu mume wangu. Kila kiangazi tunapita pale tumeinama.

"Tuchukue kubwa," mkwe wangu, mke wa Anders, alisema. "Kile kibanda tukiuze. Si kinaoza tu?"

Anders alinitazama mimi. Chuma cha ukingo kilinichoma kiganja kwa baridi, na sikukiachia.

"Kitendawili!" nikasema.

"Tega!" wajukuu wakaitikia.

"Mlango wetu hauna komeo, lakini hapiti asiyeinama."

"Daraja!"

Nikakiachia kile chuma, nikashuka ngazi taratibu, nikamshika kitindamimba mkono.

"Panda. Kaa pale nilipokuwa."

"Na wewe je, Bibi?"

Nikamsukuma mgongoni, akapanda.