Ua Lililovaa Nyama

Harufu ya mzoga ilipoingia kwenye bucha la Mbaruku, wateja walitoka. Alisugua gogo la kukatia nyama kwa majivu, akawatupia mbwa paja zima la mbuzi. Wapi! Harufu iko pale pale.

"Mwanangu, utatuua," Bi Mwanakheri, mteja wake wa miaka, alimwambia huku ameziba pua kwa kanga, akaenda zake kununua maharage.

Mbaruku akashika kisu, akaifuata harufu mpaka uani, kwenye ule mmea wa mkewe usio na majani. Ulikuwa umechanua. Ua moja tu, pana kama sahani, rangi ya ini, limepitiwa na mistari kama ya mafuta, lina vinyweleo kama ngozi. Nzi wamelijaa, wanalitagia mayai. Waliporuka, vipunje vya njano vya chavua viliwaning'inia miguuni.

"Usilikate," alisema mkewe, Riziki, akiacha vyombo. "Maua mengine mshenga wao nyuki. Hili mshenga wake nzi. Bila uvundo huo, nani atalipelekea posa?"

Mbaruku akainama hivyo hivyo, akalishika. Kidole gumba chake, kilichozoea nyama maisha yake yote, kikaanza chenyewe kutafuta mfupa. Mfupa haukuwapo.

"Riziki, hili ua limewahi kumwona ng'ombe?"

"Limwone wapi?"

Nzi mmoja akatua kwenye kisu, penye damu ya mbuzi wa asubuhi. Akatembea mpaka kwenye ncha, akasita, kisha akaruka, akarudi kwenye ua.