Ndege ya Kigoma

Saa nne asubuhi mume wa Asmahani alipiga simu kusema anapanda ndege Kigoma. Saa nne na nusu alikuwa mlangoni kwao Kanyenye, Tabora, ameshika furushi la migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika.

Ndege hutumia karibu saa nzima kati ya miji hiyo miwili.

"Mmefika upesi, baba watoto."

"Rubani wa leo alikanyaga mafuta, mama!"

Asmahani hakucheka. Alisogea kumpokea mzigo. Shati la mumewe lilinukia udi wa asubuhi hiyo, na nguo ya mume hufukizwa na mke. Yeye alimfungashia shati hilo likinukia sabuni tu.

"Amekufukiza nani?"



Asmahani alichukua samaki, akaingia ndani peke yake, akakomea mlango.