Chumba Kimoja, Mafundi Wawili

Katika jengo jipya la wafanyabiashara wadogo kilibaki chumba kimoja tu, na mafundi nguo tuliokitaka tulikuwa wawili: mimi na wifi yangu, mke wa kaka.

Afisa biashara wa mji alilitupia gauni langu la mfano jicho, akapita. Kwenye gauni la wifi akasimama. Akaligeuza ndani nje, akapapasa upindo kwa kidole gumba.

"Upindo huu! Uzi wenyewe hauonekani. Nani kakufundisha?"

"Mikono yangu tu, bosi," wifi akajibu huku akicheka. "Mwenzangu huyu bado anajikongoja."

Upindo ule niliushona mimi, juzi, mwanawe alipokuwa na homa. 

"Basi nishonee hapa kidogo nikuone," afisa akasema, akampa kipande cha kitambaa. "Ukimaliza, ufunguo wako."

Wifi hajawahi kuweza kutunga uzi. Tangu tuanze kushona pamoja, mimi ndiye humtungia na kumfungia fundo mwishoni mwa uzi usichomoke, naye hupokea akashona bila hata kutazama. Akaninyooshea sindano.

"Nitungie basi, wifi yangu wa pekee."

Nililamba ncha ya uzi, nikaipitisha tunduni mara moja tu. Afisa alikuwa ameshautoa ufunguo mfukoni, anauzungusha kidoleni.

Nikamrudishia wifi sindano yake. Fundo sikufunga.