Pasi ya Mkono wa Kushoto

Mechi ya mpira wa mikono ilikuwa sare, na mwalimu alikwishatia filimbi mdomoni kumaliza mchezo, Sihaba alipoudaka mpira kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulibanwa na wasichana wawili wa timu pinzani ya Chalinze. Mwenzake alisimama peke yake mbele ya goli lao, akiita.

Sihaba hakuutoa. Macho yakamtafuta baba yake pembeni. Baba ndiye aliyemfunza tangu utotoni kwamba kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumtukana.

Baba akasogea hadi kwenye mstari. "Mpe, mwanangu! Mpe kwa huohuo!"

"Samahani kwa kushoto!" Sihaba akapaza sauti, akarusha.

Mwenzake akaudaka, akautia golini. Vifijo vikapasuka.

Baba akamgeukia mwalimu, kifua mbele.

"Bao kila mtu kaliona. Adabu yake, umeisikia?"