Nta Iliyong'aa

Nta safi ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi sitini na mbili. Hii ya baba yake iliyeyuka kwenye hamsini na tisa. Kasimiri alirudia kipimo, jasho likimtoka.

Mwaka wake wa mazoezi katika ghala la nta, Tabora, ulikuwa umebakiza wiki tatu. Bila saini ya bwana mkubwa wa ghala, hakuna shahada ya kemia. Na mwenye nta iliyochanganywa hupelekwa polisi.

Tone lililoganda kidoleni lilinukia samli ya nyumbani.

"Nimeitia kidogo tu ing'ae," mzee alikuwa amemwambia asubuhi. "Nisikuaibishe mbele ya wakubwa zako."

Bwana mkubwa akaja, akakisoma kipimajoto. "Nta hii ya nani?"

Kasimiri alilifuta tone kidoleni.

Mlangoni, mzee alivua kofia, akainua mkono huku akitabasamu. "Yangu, bwana. Na huyo anayepima ni mwanangu."